Kupoteza Makusudi Si Mkakati

Kuna ushauri mmoja ambao kila mgeni wa Basketball GM hupewa kabla hata hajajua kitufe cha kuanzisha mechi kiko wapi. Uza wazee wote. Kusanya watoto na nafasi za drafti. Kisha poteza. Poteza msimu wa kwanza, poteza wa pili, poteza na roho safi, kwa sababu ukishika mkia utachagua kijana mkali kuliko wote, na baada ya miaka mitatu utabeba makombe mpaka uchoke. Wenyewe wanaita kutanki. Hapa Dunga imekuwa kama dini. Msee akifungua ligi mpya kwenye simu, wenzake hawamwulizi amepewa timu gani ama ana wachezaji gani. Wanamwuliza tu, "Umeanza kutanki?"

Mimi nasema huu ni ushauri mbaya, na ubaya wake unazidi pale unapopewa mtu anayeanza. Mkongwe anaweza kupoteza makusudi kwa sababu anajua anapoteza nini. Mgeni hajui. Anaambiwa atupe kitabu kabla hajasoma ukurasa wa kwanza, halafu anaambiwa hiyo ndiyo akili.

Kwa wale ambao hawajaucheza: Basketball GM ni mchezo wa bure uliotengenezwa na Jeremy Scheinfeld, na unafunguka kwenye brauza. Wewe hudunki, hukimbii, hupigi pointi tatu. Wewe ni meneja mkuu wa timu moja kati ya 30. Unasajili, unauza, unapanga mishahara, unaweka bei ya tiketi, halafu kompyuta inacheza mechi na kukuletea matokeo. Ukishafunguka mara moja unaweza kuendelea hata data ikiisha, kwa kuwa ligi yako yote inakaa ndani ya simu yako. (Maana yake pia ni kwamba ukifuta data za brauza umefuta na ligi. Hifadhi nakala, bana.) Mchezo usiokula bando, usiotaka simu kali na usiokuomba pesa kila dakika tano lazima upendwe na vijana wa ziwani. Na drafti ninayozungumzia hapa si ile ya vifuniko vya soda chini ya mti. Ni ile siku timu zinachagua wachezaji wapya, mmoja mmoja kwa zamu, na timu mbovu zikipewa nafasi nzuri zaidi.

Nitawatendea haki watu wa kutanki, kwa sababu si wajinga. Hoja yao ina mfupa. Katika huu mchezo, kama katika basketi yenyewe, uwanjani wanaingia watano tu, kwa hivyo mtu mmoja mkubwa anabadilisha kila kitu. Nguvu ya timu inapimwa kwa wachezaji wake 10 bora, na wa kwanza ana uzito mwingi sana kuliko wa kumi. Wastani wa watu wazuri kumi hauwezi kumfunga staa mmoja aliyezungukwa na watu wa kutosha. Na staa ni ghali: kumsajili huru ni ngumu, kumbadilisha na wachezaji wako ni ngumu zaidi. Drafti ndiyo mlango wa bei nafuu. Mpaka hapo tunakubaliana.

Tunaachana kwenye hesabu. Ligi ya NBA ilibadilisha bahati nasibu ya drafti kuanzia mwaka 2019, na drafti ya kawaida ya Basketball GM inafuata mfumo huo huo. Timu tatu mbovu kuliko zote zina uwezekano sawa wa kupata nafasi ya kwanza: asilimia 14 kila moja. Soma tena. Uliyepoteza kila kitu na yule wa tatu kutoka chini mna tiketi sawa. Na wewe wa mwisho kabisa, nafasi unayoelekea kuipata kuliko nyingine yoyote ni ya 5, kwa asilimia 47.9. Karibu nusu. Miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, timu iliyoshika mkia NBA iliangukia nafasi hiyo hiyo ya 5: Detroit mara mbili, kisha Utah. Na mwaka 2025 aliyechagua wa kwanza alikuwa Dallas, timu iliyoingia na asilimia 1.8 tu.

Sasa niambie, omera, huo ni mkakati ama ni kubeti? Tofauti yake na mkeka wa wikendi ni kwamba mkeka unakula mia yako. Huu unakula msimu mzima.

Watu wa kutanki wana jibu hapa. Watakutajia Philadelphia. Sawa, twende Philadelphia. Chini ya meneja Sam Hinkie, kuanzia msimu wa 2013-14, ile timu ilishinda mechi 19, halafu 18, halafu 10. Misimu mitatu, ushindi 47, vichapo 199. Hinkie aliondoka Aprili 2016 kabla hata msimu wa tatu haujaisha. Kweli, katika huo moto walimpata Joel Embiid wa Cameroon, namba 3 ya mwaka 2014, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Lakini hadi kufikia mwaka 2025, Philadelphia ilikuwa haijavuka hata raundi ya pili ya mchujo tangu 2001. Katika drafti ile ile ya 2014, Nikola Jokić alichaguliwa namba 41. Akaipa Denver ubingwa wa 2023. Giannis Antetokounmpo alichaguliwa namba 15 mwaka 2013 na Milwaukee, timu iliyokuwa imetoka kucheza mchujo msimu huo huo. Hawakupoteza makusudi. Waliangalia vizuri. Mwaka 2021 wakawa mabingwa.

Na Detroit je? Msimu wa 2023-24 walishinda mechi 14 na kupoteza 28 mfululizo. Zawadi yao ikawa nafasi ya 5. Halafu wakafanya jambo ambalo wahubiri wa kutanki hulichukia: walileta watu wazima. Tobias Harris, Tim Hardaway Jr., kocha mpya J.B. Bickerstaff. Msimu uliofuata walishinda 44 na kuingia mchujo. Utaniambia staa wao, Cade Cunningham, alikuwa namba 1 wa drafti ya 2021. Ni kweli. Alikuwa hapo pia walipopoteza zile 28. Kijana alikuwa yule yule. Walichokuwa wamekosa ni watu wa kumzunguka wanaojua kazi.

Tuache Marekani turudi kwenye simu yako. Basketball GM yenyewe inaadhibu kutanki, na mgeni haambiwi. Timu ina mwenyewe, na mwenyewe anakupima kwa vitu vitatu: unashinda mechi, unafika mchujo, unaleta faida. Misimu ya mwanzo anakuvumilia. Baada ya hapo anakufukuza, na wale watoto wako wote anarithi mwingine. Yeyote aliyekulia Dunga angepaswa kulielewa hili bila kufundishwa. Mwenye boti akikupa boti, nyavu na mafuta, huwezi kumrudishia boti tupu asubuhi kumi mfululizo ukimwambia samaki wa mwaka ujao watakuwa wakubwa. Atakuelewa vizuri sana. Kisha atampa boti mtu mwingine.

Kuna na mashabiki. Ukipoteza sana gumzo la timu linashuka, watu hawaji uwanjani, tiketi haziuziki. Pesa ikikosekana hulipi makocha wazuri wala huboreshi viwanja na vifaa. Na hapo ndipo mtego unafunga: makocha ndio wanaosaidia vijana kukua. Umekusanya watoto, kisha umeua bajeti ya kuwalea. Halafu wachezaji nao wana hisia zao. Wanaangalia kama timu inashinda, kama ina gumzo, kama vifaa ni vya maana. Ni kweli kijana uliyemchagua mwenyewe hukupendelea kidogo mkataba wake wa kwanza ukiisha, lakini upendeleo una mwisho. Ukimlea kwenye jalala la vichapo, siku ya kuongeza mkataba anaweza kukataa hata kuongea na wewe.

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye pesa wala kwenye bahati nasibu. Iko hapa: ukipoteza makusudi, huwezi kujua ni lini umepoteza kwa ujinga.

Mgeni anahitaji kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni kuona matokeo ya maamuzi yake. Nilimlipa huyu pesa nyingi, je, alistahili? Nilijaza warefu watupu, je, tulikosa mtu wa kupeleka mpira? Nilimwacha mzee aende, je, pengo lake lilizibika? Timu inayojaribu kushinda inakujibu kila wiki. Timu inayotanki haikujibu kamwe, kwa sababu kila kichapo ni sehemu ya mpango. Ulisajili vibaya? Mpango. Ulilipa kupita kiasi? Mpango. Mtu anaweza kutanki misimu mitatu na kutoka akiwa hajui kitu chochote alichokuwa hajui siku ya kwanza, isipokuwa sasa anajiita mzoefu. Ndiyo maana wengi wao, wakishampata huyo staa wao, bado hawashindi. Wamefika kwenye mtihani wakiwa wametoroka masomo yote.

Basi mgeni afanye nini? Nitasema wazi, ili asiseme mtu kwamba nabomoa tu.

Siku ya kwanza usiuze mtu. Soma mikataba. Nani anaisha mwaka huu, nani amefungwa miaka mingi kwa pesa asizostahili, nani ana miaka mingapi. Kila mchezaji ana namba mbili zinazokuhusu: uwezo alionao leo na uwezo anaotarajiwa kufikia. Mgeni hupofushwa na ya pili. Kumbuka ya pili ni ahadi, na ahadi hazichezi Jumanne. Kwa kawaida mchezaji huwa kwenye ubora wake katikati na mwisho wa miaka ya ishirini, halafu akivuka thelathini anaanza kushuka. Kwa hivyo ndiyo, mzee wa miaka 31 mwenye jina unaweza kumuuza. Lakini omba mtu wa miaka 24 anayecheza leo, usikubali kulipwa nafasi za drafti tupu. Kuna ukurasa wa kumtangaza mchezaji sokoni ili timu nyingine zilete ofa zao. Utumie hata kama huna nia ya kuuza. Utajifunza bei, na meneja asiyejua bei ni mnunuzi wa kudanganywa.

Halafu subiri. Mikataba ikiisha mwisho wa msimu, wachezaji huru huomba pesa za ajabu siku ya kwanza, na kadiri siku 30 zile zinavyopita, bei inashuka. Mama yeyote anayenunua samaki pale ufukweni anakijua hiki kitu: bei ya saa mbili asubuhi si bei ya jioni, na anayeuza anajua kwamba unajua. Hatari yake ni moja tu, kwamba ngege mzuri ataenda kabla ya jioni. Kwa hivyo yule mmoja unayemhitaji kweli, mlipe mapema. Hao wengine wa kujaza benchi, wangoje.

Angalia zile herufi ndogo kando ya majina. Zinakuambia nani anapiga pointi tatu, nani anapitisha mpira, nani analinda chini ya kikapu, nani anachukua ribaundi. Si mapambo. Wachezaji wenye ujuzi unaokamilishana wanacheza vizuri kuliko namba zao. Wapiga pointi tatu wanne bila mtu wa kuwapelekea mpira ni kama boti yenye wavuta nyavu wanne bila wa kushika usukani.

Linda pesa. Usivuke mstari wa kodi ya mishahara kwa sababu ya mtu wa benchi. Kwa kila dola inayozidi unatozwa moja na nusu. Wekeza kwenye viwanja na vifaa mapema, maana faida yake inakuja polepole sana, na usisahau makocha. Na cheza wiki kwa wiki, usibonyeze kitufe cha kumaliza msimu kisha ukaenda kunywa chai. Unasimamia timu ama unasubiri habari?

Ukifanya haya, msimu wa kwanza labda utashinda mechi 35, labda 40. Watu wa kutanki watakucheka: umekwama katikati, wewe si mbovu wala si bingwa. Waache wacheke. Katikati ndipo Milwaukee ilikuwa ilipomchagua Giannis. Katikati mwenyewe anakuvumilia, mashabiki wanakuja, vijana wanakua wakishinda, na wewe unajifunza kila wiki. Si kukwama huko. Ni kusimama.

Nimewahi kujibiwa na jamaa mmoja wa hapa nyumbani kwa hoja ambayo lazima niiheshimu. Alisema: "Si hata omena hufungwa? Kila mwaka, Aprili mpaka Julai, hatuvui. Tunakubali njaa kidogo ili samaki wazaane. Kutanki ndio hiyo hiyo." Ni hoja tamu, na ndiyo maana imewapata wengi. Lakini iangalie vizuri. Omena ikifungwa, inafungwa kwa kila mtu. Hakuna anayebaki ziwani akifurahia kwamba wewe umelala. Ule muda hautupwi pia: nyavu zinashonwa, boti zinapakwa lami, watu wanavua samaki wengine wanaoruhusiwa. Na mwisho wake unajulikana kwenye kalenda, hautegemei bahati nasibu. Kufunga ni kanuni ya wote kwa ajili ya ziwa. Kutanki ni mtu mmoja kutoboa boti yake akitumaini serikali itamnunulia mpya.

Na hapo ndipo tunafika kwenye kitu kinachoniuma kweli. Kwa nini Marekani kuna serikali ya kununua boti mpya? Kwa sababu NBA ni klabu iliyofungwa. Hakuna kushuka daraja. Ukishika mkia mara kumi, mwaka wa kumi na moja bado uko ndani, bado unagawiwa pesa za televisheni, na juu yake unapewa kijana mzuri. Kutanki si hekima ya basketi. Ni bima ya matajiri, iliyoandikwa na matajiri, kwa ligi ambayo hawawezi kutolewa.

Sisi hatuna hiyo bima. Huku kwetu timu za basketi ni za taasisi: bandari, jeshi, benki, vyuo vikuu. Mfadhili akichoka, timu inakufa. Ukishika mkia unashuka daraja, na hakuna drafti ya kukupangusa machozi. Nairobi City Thunder walipokuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya Afrika, BAL, mwaka 2025, hawakufika huko kwa kuvuta tiketi. Walifika kwa kushinda mechi za kufuzu. Kenya Morans walipoleta fedha ya AfroCan kutoka Bamako mwaka 2019, hakuna aliyekuwa amewaambia wasubiri mwaka ujao. Na kama unadhani mambo haya ni ya basketi pekee, nenda Kondele ukamwambie shabiki wa Gor Mahia kwamba msimu huu tunapoteza makusudi ili tujenge. Nenda na viatu vya kukimbilia. Katika lugha yetu ya michezo, kupoteza makusudi kuna jina tayari, na jina hilo ni kuuza mechi. Najua kutanki hakuna bahasha. Lakini yule mchezaji aliyeko uwanjani, anayetoa jasho akijua mwenye timu anaombea kichapo, kwake tofauti ni ndogo sana.

Wasee wanaocheza huu mchezo hawabaki kwenye simu. Ndio wanaokabidhiwa timu ya mtaa, ya shule, ya kanisa, kwa sababu wao ndio wanaojua mpira. Nimeona timu moja ya vijana mahali, sitaitaja, ambapo kocha wa miaka ishirini na kitu aliwaweka benchi wakubwa wote akisema anajenga. Wale wakubwa ndio walikuwa wanakuja na mpira, ndio walikuwa wanawasindikiza wadogo nyumbani giza likiingia. Wakaacha kuja. Wadogo wakafungwa wiki baada ya wiki, wakaacha kuja pia. Kocha alibaki na mpango mzuri sana na uwanja mtupu. Hakuna ligi iliyomletea namba moja.

Mtoto wa miaka 14 hana "misimu mitatu ya kujenga". Akifika 17 ameshaenda kutafuta kazi. Timu yake ni hii, mwaka huu, na watu hawa. Anayemsimamia lazima ajue kufanya kazi na alichonacho, na hicho ndicho kitu pekee ambacho kutanki hakukufundishi.

Kwa hivyo, kama unaanza leo, kuna jambo moja nakuomba. Katika mipangilio ya ligi mpya kuna changamoto unazoweza kuziwasha mwenyewe. Mojawapo inasema: ukikosa mchujo, unafukuzwa kazi. Iwashe. Usichague timu kali, chukua ile utakayopewa, na ushinde ukiwa nayo. Utafukuzwa mara ya kwanza, labda na ya pili. Lakini kila utakapofukuzwa utajua kwa nini, na huyo jamaa anayetanki pembeni yako, na nafasi yake ya 5, hatajua.